Pale Konseto Inaponyamaza

Baba alikuwa na kaseti tatu, na zote zilikuwa za mtu mmoja, mtunzi wa Hungaria aliyefariki zamani akiwa mbali na kwao. Padri mmoja mzungu, aliyefundisha shule moja na baba kule Uvira, Kongo, alimwachia kaseti hizo siku aliporudi Ulaya kupumzisha uzee wake. Tulipokimbia vita, baba alizitia mfukoni mwa koti. Mama hakuchoka kuwakumbusha majirani jambo hilo. Alisema yeye alibeba unga na mtoto, mumewe akabeba piano.

Mtoto huyo nilikuwa mimi. Njia ile siikumbuki vizuri, na nashukuru. Kumbukumbu zangu zinaanzia Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, zoni ya Rubondo, nyumba yetu ikiwa bado miti na shitingi ya plastiki, na zinaanza na muziki ule ukitoka polepole ndani ya redio-kaseti yenye ufa.

Ilikuwa ni Jumapili mchana, baada ya misa na baada ya maharagwe. Watu wote walikuwa wamelala. Jua lilipita kwenye shitingi likawa rangi ya maziwa, na sisi tuliokuwa ndani tukawa rangi hiyo hiyo. Baba alitoka nje kuchukua betri alizokuwa amezianika juani juu ya jiwe, kama watu wanavyoanika mihogo, maana betri ikiota jua hupata nguvu kidogo za kuazima. Alizipuliza, akazitia, akabonyeza, akakaa kwenye kigoda na kufumba macho.

Konseto, kwa asiyeijua, ni muziki ambamo chombo kimoja, piano au fidla, kinazungumza na kundi zima la vyombo. Mara kinabishana nalo, mara kinalibembeleza, mara kinaachwa peke yake kiseme ya moyoni. Baba alinieleza hivyo nami nikaelewa papo hapo, kwa sababu nyumbani kwetu mama ndiye aliyekuwa piano, sisi wengine tulikuwa kundi.

Lazima niseme kwamba konseto tulizozijua sisi hazikuwa zile alizoziandika yule bwana. Betri za kuota jua huchoka haraka, na zikichoka kanda huzunguka kwa uvivu. Fidla ililia kwa sauti nene kama ng'ombe aliyesahauliwa kisimani. Piano ilidondosha sauti moja, ikafikiri, ikadondosha nyingine. Mimi nilijilaza kwenye mkeka nikisinzia, na sikujua ni wapi muziki unakwisha na ndoto inaanza. Nilidhani Hungaria ni nchi ambako watu wote wana usingizi.

Katika kaseti ya fidla kulikuwa na mtu aliyekohoa. Ilirekodiwa ukumbini, watu wakiwapo, na mahali fulani pa kimya kabisa mzungu mmoja alishindwa kujizuia. Tulimsubiri kila Jumapili. Akikohoa, nami nilikohoa, na mama kule jikoni alikohoa, na baba bila kufumbua macho alisema tumuache mgonjwa wa watu apumzike. Hayo ndiyo yalikuwa mambo ya kuchekesha nyumbani kwetu, na hayakuwa mengi.

Ila kaseti aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya konseto ya mwisho ya piano. Baba alisema mtunzi aliiandika akiwa mgonjwa ugenini ili iwe zawadi kwa mke wake. Ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya mtu anayejitembelea asubuhi. Ya tatu ilikuwa na mbio mbio ambazo betri zetu hazikuziweza hata siku moja. Ya pili ndiyo baba aliingojea wiki nzima. Ilianza kwa utulivu kama sala, kisha katikati yake ndege na wadudu wakaamka. Baba aliinua kidole na kusema nisikilize, huyo ni ndege. Mara nyingi kulikuwa na ndege kweli huko nje, upande wa mafunjo ya ziwa, nikashindwa kujua yupi ni wa kaseti na yupi ni wa kwetu.

Sasa niseme jinsi sehemu ya pili ilivyofutika.

Miaka hiyo simu zilikuwa za wakubwa wa kambi. Watu wetu walitumiana kaseti. Ukisikia mtu anavuka kwenda Uvira au Bukavu, unaazima redio yenye kinasa sauti, unasema yako yote ndani ya kanda, na yule msafiri anaipeleka kwa ndugu zako. Ilikuwa kazi ya heshima. Akina mama walioga kwanza, wakavaa kitenge safi, wakajipaka mafuta, ndipo wakakaa mbele ya redio kama wanaopigwa picha. Kaseti mpya haikupatikana kirahisi, kwa hiyo kila mtu alitafuta nafasi iliyobaki kwenye kaseti ya zamani, mwisho wa nyimbo.

Mama alikuwa na dada yake mkubwa Uvira, ambaye hatukuwa na habari naye tangu tukimbie. Siku moja akasikia jirani anasafiri kesho yake. Baba alikuwa shambani, mimi nilikuwa shuleni, na mdogo wangu wa kike, aliyezaliwa hapa hapa kambini, alikuwa mgongoni mwake. Mama akachukua kaseti ya konseto ya mwisho, akaitia kwenye redio yetu, ambayo ilikuwa na kinasa sauti, akaketi, akaisikiliza kwa subira akingojea iishe. Sehemu ya kwanza ya konseto ile haimaliziki kwa kishindo. Filimbi inasema kitu kidogo, piano inaitikia, na wote wanaondoka kimya kimya kama wageni wasiotaka kukuamsha. Kwa mtu aliyelelewa na rumba na kwaya, wimbo ukinyamaza umeisha. Mama akasikia kimya, akajua hapo ndipo pana nafasi. Akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Jirani yule alirudi na kaseti baada ya siku chache. Njia ilikuwa imefungwa. Jumapili iliyofuata baba alianika betri zake kama kawaida, akafumba macho, akapita sehemu ya kwanza, akainua kidole kabla ya wakati kwa ajili ya ndege. Badala ya sala ikatoka sauti ya mama ikimsalimia dada yake. Baba alizima redio baada ya maneno mawili matatu tu.

Sikuwahi kumwona baba akiwa na hasira ya namna ile. Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali. Alimwambia mama kwamba amefuta kitu ambacho hakuna mtu kambini hapa anayeweza kukirudisha. Mama alijibu kwamba alingoja kiishe, na kilinyamaza. Wakaacha kusemezana siku kadhaa, wakapita kila mtu upande wake wa jiko. Baadaye walipatana, kwa sababu nyumba ya shitingi haina nafasi ya kununiana, lakini kaseti ile haikuwekwa tena kwenye redio. Mvua zilizofuata mama akaugua, na hakupona. Mdogo wangu alikuwa bado hajajua kusema. Baba akaitia kaseti ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaliweka juu, kwenye miti ya paa.

Miaka ikaenda. Shitingi ikawa udongo, udongo ukapata bati. Mimi nikawa fundi wa cherehani katika soko letu, mtu wa maneno makali kwa wateja wanaobadilisha mawazo kitambaa kikishakatwa. Redio-kaseti ikafa. Kaseti mbili zikaliwa na unyevu. Baba akazeeka vizuri, akiimba konseto zake kwa pua anapopalilia maharagwe, na alipofika kwenye sehemu ya pili alinyamaza, akaruka, akaanza ya tatu. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa kuruka kule. Niliona kama anamruka mama.

Halafu safari ya mdogo wangu ya kuhamishiwa nchi nyingine ikatoka. Alikuwa amekwenda usahili na vipimo kwa muda mrefu hata tukasahau kwamba mambo hayo huwa yanafika mwisho. Yeye peke yake alikubaliwa, kwenda nchi ya baridi. Wiki ya mwisho, wakati tunachambua maharagwe uani, aliweka ungo chini akamwangalia baba.

“Papa, siwezi kwenda fasi ya mbali vile bila kusikia mama. Hata neno moja tu.”

Mimi nilikuwa na mabaki ya sauti ile kichwani, au nilidhani ninayo. Yeye hakuwa na kitu. Hatukuwa na hata picha. Watu walimwambia ana shingo ya mama, ana mwendo wa mama, naye alichoka kuwa na vitu vya mtu asiyemjua. Baba alijikung'uta maganda ya maharagwe. Aliinuka, akapanda juu ya kigoda, akashusha kopo.

Basi tukaenda Mbarara, mimi na mdogo wangu, asubuhi ya ukungu, vilima vya Isingiro vikiwa vimezama na migomba ikichungulia juu yake. Huko mjini nilikuwa namfahamu fundi mmoja karibu na stendi, mtu wa makamo mwenye miwani, anayehamisha kanda za harusi za zamani kwenda kwenye flashi. Duka lake limejaa redio zisizo na mgongo. Nikamwomba ahamishe kaseti yote. Akasema twende tuzunguke, turudi baadaye. Tukaenda kutafuta sweta na mfuko wa safari, tukabishana juu ya rangi, na tuliporudi kazi ilikuwa tayari.

Tulishuka Rwekubo kungoja bodaboda ya kutuingiza kambini. Tukakaa kwenye benchi mbele ya duka la sukari, tukatia flashi kwenye simu yangu, tukagawana spika za masikio, moja yake, moja yangu. Ikaanza sehemu ya kwanza. Kumbe ilikuwa nyepesi hivi. Kumbe yule bwana hakuwa na usingizi hata kidogo. Piano ilikwenda kama maji yanayoteremka, na mimi mtu mzima nikakaa pale nikitabasamu mbele ya magunia ya sukari. Filimbi ikasema kitu kidogo, piano ikaitikia, ikawa kimya. Tukangoja. Simu ikaandika kwamba imefika mwisho.

Mdogo wangu aliirudia, akairudia tena. Fundi alikuwa amefanya vile vile alivyofanya mama. Alisikia kimya, akaona wimbo umeisha, akasimamisha mashine. Mdogo wangu hakulia kwa kelele. Aliinamisha kichwa juu ya lile sweta jipya na mabega yake yakawa yanatikisika, na mwenye duka akatuletea maji bila kuulizwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho. Keshokutwa alfajiri basi la wasafiri lingeondoka. Tulipomweleza baba, alikwenda ndani akatoka amevaa koti lake, lile lile, ambalo sasa lilimpwaya. Akasema tutaondoka mapema na yeye atakwenda nasi.

Fundi alitupokea kwa aibu kidogo, halafu kwa biashara. Aliinua kaseti kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

“Mzee, hii iko mzee sana, inaweza kukatika saa yoyote. Mimi natafutia nyinyi ingine kwa intaneti, iko safi.”

Kabla hatujamjibu alikuwa amekwisha kuipata. Konseto nzima, sehemu zote tatu, wapigaji mahodari, hakuna mkwaruzo hata mmoja. Akairusha mbele moja kwa moja hadi sehemu ya pili na kufungulia spika. Sala ile ikajaa dukani, juu ya redio zilizokufa, ikatoka mlangoni hadi barabarani ambako watu walikuwa wanapakia maziwa. Nilimtazama baba. Miaka yote ile aliruka mahali hapa, na mahali penyewe palikuwapo bado. Ndege wakaamka. Kidole chake kilipanda kidogo, kikashuka. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa chakula wakati ameshiba.

“Ni muzuri,” akasema. “Sasa tuwekee yetu.”

Fundi akaitia kaseti mashinani taratibu, akaiunganisha na kompyuta. Tukapita tena sehemu ya kwanza, ile njia ya asubuhi, tukasindikizwa na mikwaruzo. Filimbi, piano, kimya. Mkono wa fundi ukaenda kwenye kitufe, na baba akaushika.

“Bado. Haiyaisha. Ngoja.”

Tukangoja. Ukasikika mlio mdogo, halafu ikatoka sauti, lakini haikuwa ya mama. Ilikuwa nyembamba, ya haraka, ya kitoto, ikikimbiza maneno hata hayashikiki. Mdogo wangu akanigeukia kwa hofu, akasema huyu ni mtoto. Nami moyo ulinianguka, kwa sababu sauti niliyokuwa nimeitunza kichwani haikuwa na undugu wowote na hii.

Baba peke yake hakushtuka. Akamweleza fundi kwamba siku ile betri zilikuwa zimechoka. Kanda ilizunguka polepole wakati mama anasema, na sasa mashine yenye umeme wa kutosha inamkimbiza. Apunguze mwendo. Fundi akaelewa upesi, akarudisha nyuma, akawa anavuta alama fulani kwenye kioo cha kompyuta. Sauti ikashuka kidogo.

Baba alikuwa amefumba macho, amekaa kwenye kigoda cha wateja, mikono kwenye magoti. Alisema bado. Sauti ikashuka tena, ikawa ya msichana. Bado. Ikawa ya mwanamke, na mimi nilikuwa tayari kukubali, nilikuwa tayari kumkubali mwanamke yeyote. Baba akasema umempita, mrudishe juu kidogo. Fundi akagusa kidogo sana.

“Hapo,” akasema baba. “Ni yeye.”

Nilijua kabla hajasema. Sikuijua kwa masikio, niliijua kwa tumbo, kama harufu ya chakula cha kwenu. Yale mabaki niliyodhani ninayo yalikuwa ya uongo. Mama alikuwa na mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa kila sentensi, kama anayetaka kucheka. Nilikuwa nimeusahau kabisa, nikaona uchungu na furaha kwa pamoja, nikaushika ukingo wa meza.

Akamsalimia dada yake mkubwa, “Yaya, jambo. Ni miye, mudogo wako. Tuko bazima, tunashukuru Mungu.” Akaeleza habari za mvua, na kwamba mihogo ya huku haina ladha ya kwetu. Akaulizia watu wengi, na baba kwenye kigoda alikuwa akiwajibia chini kwa chini, huyu alikufa, huyu yuko Kigoma, huyu hatujui. Akamwonya dada yake asiwaazime watu wa harusi ile sufuria kubwa aliyomwachia, maana watairudisha na matundu. Fundi, ambaye sidhani alielewa nusu yake, alicheka.

Halafu akamzungumzia baba.

“Bwana yangu iko mu shamba. Amekonda, lakini akisikiliza ile muziki yake anakuwa sawa mutoto amenyonya. Hii kaseti ni yake. Nimengoja mupaka fasi haina kitu, nisimuharibie.”

Baba alifumbua macho. Sisi hatukumtazama sana. Alitoa kitambaa mfukoni mwa koti, akapangusa miwani yake, ingawa miwani haikuwa imechafuka, na akaendelea kuipangusa. Huko nje makopo ya maziwa yaligongana. Ningependa kusema kwamba nilimwambia kitu, lakini nilibaki nimesimama tu, nikimpenda.

Kwenye kanda kulikuwa na purukushani, nguo zikisuguana, mtu akifungua mbeleko. Kisha pumzi ndogo za haraka karibu kabisa na kinasa sauti. Mdogo wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa amesimama mlangoni kama mtu asiyealikwa, akasogea.

“Na huyu ni mutoto haujamuona bado,” mama akasema. “Njoo, mama. Sema, jambo, mama mukubwa. Sema.”

Zikasikika pumzi tu.

“Sema, mama. Jambo, mama mukubwa.”

Pumzi. Kitu kikagonga redio, pengine mkono wa mtoto. Mama akacheka, na sauti yake ikaja karibu zaidi.

“Anakataa. Iko na haya. Haizuru, yaya, atakusalimia siku ingine.”

Fundi alisogeza mkono ili asimamishe, kisha akauacha hewani. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya spika ile ya vumbi, mfuko wake mpya wa safari ukiwa bado begani.

“Jambo, mama mukubwa,” akasema.